Marcello Malpighi: Mtu Aliyeiona Njia ya Damu

Aghalabu habari za watu mashuhuri tunazozisoma shuleni ni za wafalme, majemadari na wasafiri waliovuka bahari. Mtu tunayemleta leo hakupigana vita wala hakugundua nchi mpya. Safari yake kubwa ilikuwa ndani ya pafu la chura. Lakini humo aliona jambo ambalo waganga wa zamani walikuwa wakilibahatisha tu, na jambo hilo linamhusu kila msomaji wa gazeti hili, maana linatendeka ndani ya mwili wake wakati huu huu anaposoma. Mtu huyo ni Marcello Malpighi, Mtaliana.

Kuzaliwa kwake na masomo yake

Malpighi alizaliwa mwaka 1628 huko Crevalcore, mji mdogo ulio karibu na Bologna, kaskazini ya Italia. Wazazi wake walikuwa watu wenye shamba na uwezo wa kutosha. Mwaka 1646, akiwa kijana wa miaka 17, aliingia Chuo Kikuu cha Bologna, ambacho ni miongoni mwa vyuo vikuu vya kale kabisa katika Ulaya.

Hakumaliza masomo yake kwa raha. Mwaka 1649 baba yake alifariki, mama yake akafariki, na bibi yake pia. Kijana wa miaka 21 akajikuta ana msiba mzito na mambo ya nyumbani ya kutengeneza. Ilimlazimu aache masomo kwa muda, arudi nyumbani kuangalia mali na ndugu zake. Wengi katika hali hiyo wangaliiaga shule moja kwa moja. Yeye alipokwisha kutengeneza mambo ya nyumbani alirudi chuoni, na mwaka 1653 akapata shahada yake ya udaktari.

Bahati yake ilikuwa kumpata mwalimu mwema, Bartolomeo Massari. Mwalimu huyu aliwakusanya wanafunzi wachache nyumbani kwake, wakapasua miili ya wanyama na kutazama kwa macho yao wenyewe. Siku hizo lilikuwa jambo la ujasiri, kwa sababu walimu wengi walitosheka kusoma vitabu vya wakale na kuvikariri. Mwili ukionekana kupingana na kitabu, walisema mwili ndio wenye kosa. Malpighi alijifunza kwa Massari kwamba macho yana haki ya kukiuliza kitabu.

Fumbo lililowashinda wakubwa

Ili tufahamu kazi yake, yatupasa kwanza tujue watu walikuwa wakifikiri nini juu ya damu. Kwa muda wa miaka kama 1,400 waganga walifuata mafundisho ya Galen, tabibu wa zamani za Warumi. Yeye alifundisha kwamba damu hutengenezwa ndani ya ini kutokana na chakula, kisha huenda mwilini na kunywewa huko, kama ardhi inywavyo maji ya mvua. Damu iliyokwenda haikurudi. Katika karne ya 13, tabibu Mwarabu aitwaye Ibn al-Nafis, aliyeishi Cairo, aliandika kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, hupita mapafuni, kisha huingia upande wa kushoto. Maneno yake yalikuwa ya kweli, lakini hayakuenea Ulaya kama yalivyostahili.

Kisha akatokea Mwingereza William Harvey. Mwaka 1628, mwaka ule ule aliozaliwa Malpighi, Harvey alitoa kitabu kidogo juu ya mwendo wa moyo na damu. Alipiga hesabu nyepesi ambayo mwanafunzi yeyote aweza kuifuata. Alikadiria damu itokayo katika moyo kila unapopiga, akazidisha kwa mapigo ya nusu saa. Jumla ikazidi damu yote iliyomo mwilini. Je, damu yote hiyo yatoka wapi kila nusu saa? Haiwezekani kwamba chakula huitengeneza upesi hivyo. Basi hapana budi ni damu ile ile inayozunguka: hutoka moyoni kwa mishipa iitwayo ateri, na kurudi kwa mishipa iitwayo vena.

Lakini hesabu ya Harvey ilikuwa na pengo. Mishipa ya ateri hugawanyika na kugawanyika, mpaka jicho haliioni tena. Mishipa ya vena nayo huanza na vijishipa visivyoonekana, vikakutana na kukutana mpaka vikawa mishipa mikubwa. Katikati pana nini? Damu huvukaje kutoka upande huu kwenda upande ule?

Tuchukue mfano wa kwetu. Sisi wa Mtabila twajua jinsi vijito vya milima ya Kasulu vinavyokusanyika kuwa mto Ruchugi, na jinsi Ruchugi unavyoingia Malagarasi karibu na Uvinza. Hivyo ndivyo vena zilivyo. Ateri ni kinyume chake: ni kama mkulima anayetega maji ya kijito na kuyapitisha katika mfereji, kisha akaugawa mfereji kuwa mifereji midogo, na midogo kuwa midogo zaidi, mpaka kila tuta la mboga lipate maji. Sasa mtu akisema kwamba maji yale yale ya matuta ndiyo yanayorudi mtoni, tutamtaka atuonyeshe njia. Harvey alijua kwa akili kwamba njia ipo, lakini alifariki mwaka 1657 bila ya kuiona.

Pafu la chura

Mwaka 1656 Malpighi aliitwa kufundisha katika mji wa Pisa. Huko alifanya urafiki na mtu mwenye elimu kubwa ya hesabu, Giovanni Alfonso Borelli. Borelli alimfundisha kupima na kutumia mizani ya hesabu katika mambo ya viumbe. Malpighi naye alimfundisha Borelli kupasua. Urafiki wa namna hii, kila mmoja akiwa mwalimu na mwanafunzi wa mwenzake, ulizaa matunda mengi. Hali ya hewa ya Pisa haikumpatana Malpighi, na mwaka 1659 akarudi Bologna. Hata hivyo hawakuacha kuandikiana barua.

Wakati huo hadubini, yaani chombo cha vioo kinachokuza vitu vidogo, ilikuwa bado mpya. Wengi waliitumia kama mchezo wa kutazamia viroboto. Malpighi aliielekeza kwenye mapafu, maana huko ndiko damu na hewa vinakokaribiana. Alijaribu kwanza mapafu ya wanyama wakubwa. Aliyajaza maji, aliyapulizia hewa, aliyakausha. Akaona kwamba pafu si nyama nene, kama wengi walivyodhani, bali ni vifuko vingi vya hewa. Lakini njia ya damu ilimkwepa, kwa sababu mapafu hayo yalikuwa manene, hayapitishi mwanga vizuri.

Ndipo akamgeukia chura. Pafu la chura ni kifuko chepesi, chembamba, kinachopitisha mwanga. Katika chura aliye hai Malpighi aliiona damu ikienda, ikigawanyika katika vijishipa kama maji ya mifereji, hata rangi yake ikapauka kwa jinsi ilivyotawanyika. Hapo bado alidhani kwamba labda mwishoni damu humwagika katika nafasi tupu, kisha hukusanywa upya. Akalikausha pafu, akalitazama tena kwa kioo chenye nguvu zaidi. Hapakuwa na nafasi tupu. Palikuwa na wavu wa mirija midogo sana, imeunganishwa ncha kwa ncha, ikitoka upande wa ateri na kuingia upande wa vena. Damu haikumwagika mahali popote. Ilikuwa ndani ya mirija mwanzo hadi mwisho.

Hiyo ndiyo mishipa tuiitayo leo kapilari. Malpighi alimwandikia Borelli habari hizi katika barua mbili, zikapigwa chapa Bologna mwaka 1661. Yeye mwenyewe alikiri kwa mzaha kwamba katika kazi hiyo alikuwa karibu kuwamaliza vyura wote. Pengo la Harvey likazibwa, na mduara wa damu ukawa kamili.

Miaka michache baadaye, katika maandishi yake ya mwaka 1666, alieleza jinsi alivyoiosha damu iliyoganda na kuona kwamba wekundu wake hutokana na chembe ndogo ndogo zisizohesabika. Mholanzi Antoni van Leeuwenhoek alizieleza chembe hizo vizuri zaidi mwaka 1674.

Chembe hupitaje njia nyembamba?

Mlango aliofungua Malpighi wengine wameupita mpaka leo, na yafaa tueleze kidogo walichokikuta ndani.

Chembe nyekundu ya damu ya mtu ina upana wa milimita 0.0075 hivi. Zikipangwa ubavu kwa ubavu, chembe kama 130 ndizo zinazojaza milimita moja ya rula yako. Katika tone lenye ukubwa wa milimita moja ya mchemraba zimo kama milioni 5. Kapilari nyingi zina upana ule ule wa chembe, na nyingine ni nyembamba kuliko chembe yenyewe. Basi chembe hupita moja moja, nyuma ya mwenzake, kama watu katika kijia cha mlimani. Palipo pembamba hujikunja, hurefuka, hupenya, kisha hurudia umbo lake. Mwendo ni wa polepole, kiasi cha milimita moja kwa sekunde au pungufu, na hiyo ni rehema, maana ndiyo nafasi ya kutoa oksijeni na kupokea hewa chafu. Chembe hufanya hivyo usiku na mchana kwa muda wa siku kama 120, ndipo huchakaa.

Penye njia panda pana ajabu nyingine. Mtu angedhani kwamba mshipa ukigawanyika mara mbili, chembe nazo zitagawana nusu kwa nusu. Sivyo. Katika mshipa mdogo chembe hupenda kwenda katikati, na pembezoni hubaki maji ya damu yaitwayo plasma. Mfaransa Jean Poiseuille aliuona ukanda huo usio na chembe alipowatazama vyura katika miaka ya 1830. Tawi lenye mwendo mdogo huvuta zaidi maji ya pembezoni. Tawi lenye mwendo wa kasi huvuta chembe nyingi. Kwa hiyo tawi moja laweza kujaa chembe, na jirani yake likapata karibu plasma tupu. August Krogh wa Denmark, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1920, alionyesha pia kwamba kapilari zote hazifanyi kazi kwa pamoja: msuli uliopumzika hutumia chache, na msuli unaofanya kazi hufungua nyingi. Mwaka 1931 Robin Fåhraeus na Torsten Lindqvist wa Sweden waligundua kwamba damu katika mrija mwembamba sana huenda kwa wepesi kuliko ilivyotazamiwa, kwa sababu hiyo hiyo ya chembe kwenda katikati na maji kuteleza pembeni.

Kazi nyingine, na adui zake

Malpighi hakuketi juu ya sifa. Toka mwaka 1662 mpaka 1666 alifundisha Messina, katika kisiwa cha Sicilia, kisha akarudi Bologna. Alichunguza ulimi, ngozi, figo na wengu. Mpaka leo sehemu kadhaa za mwili huitwa kwa jina lake. Mwaka 1669 alitoa kitabu juu ya nondo wa hariri, akaeleza viungo vya ndani vya mdudu ambaye watu walidhani hana viungo vya maana. Mwaka huo huo alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jamii ya Kifalme ya London, chama cha wataalamu wa Uingereza, nacho ndicho kilichochapa vitabu vyake vingi. Alieleza jinsi kifaranga anavyokua ndani ya yai, na katika miaka ya 1675 na 1679 akatoa vitabu viwili vikubwa juu ya maumbile ya mimea.

Lakini nyumbani kwake hakupendwa na wote. Wenziwe wengine wa chuo waliona kwamba anawavunjia heshima wakale. Mwaka 1684 nyumba yake iliungua moto, na hadubini zake, vitabu na maandishi mengi yakapotea. Mwaka 1689 mpinzani wake, Giovanni Girolamo Sbaraglia, alichapisha kijitabu akisema kwamba kuchungua vitu vidogo vya mwili hakumfai mgonjwa hata kidogo. Daktari, alidai, kazi yake ni kumtibu mtu. Mirija isiyoonekana haiponyi homa.

Tusilidharau shtaka hilo. Lilikuwa na uzito, maana kwa hakika Malpighi wakati ule hakuweza kumwonyesha mgonjwa hata mmoja aliyeponywa na wavu wa pafu la chura. Alijibu kwa maandishi marefu kwamba mtu hawezi kutengeneza mashine asiyoijua sehemu zake. Jibu lake lilichapwa London mwaka 1697, yeye akiwa amekwisha kufariki.

Mwaka 1691 Papa Innocent wa Kumi na Mbili alimwita Roma awe daktari wake. Alikwenda, ingawa alikuwa mzee na mwenye maradhi. Tarehe 29 Novemba 1694 alifariki huko Roma kwa kiharusi. Mwili wake ulipopasuliwa ilionekana kwamba damu imevuja ndani ya ubongo. Mtu aliyewaonyesha wanadamu mishipa midogo, mshipa ndio uliomwondoa duniani.

Nani alishinda?

Sasa, baada ya miaka zaidi ya 300, tunaweza kuamua kesi ya Malpighi na Sbaraglia, na ushahidi hatuna haja ya kuutafuta Italia. Upo katika zahanati zetu.

Wazee wa Kibondo na Kasulu walisimuliwa habari za malale, ambayo katika miaka ya 1930 iliifanya serikali ya kikoloni kuwahamisha watu wengi kutoka vijiji vyao. Mdudu wake huonekana kwa hadubini, akiogelea kati ya chembe za damu. Malaria nayo hatuhitaji kuielezwa. Lakini si wote wajuao kwa nini malaria kali humpotezea mtu fahamu. Kijidudu cha aina ya falsiparamu kikiisha kukomaa ndani ya chembe nyekundu, chembe hiyo huwa ngumu na kushika kuta za kapilari kama gome lenye utomvu. Zikishikana nyingi katika kapilari za ubongo, damu haipiti. Ndiyo maana vijidudu vilivyokomaa huonekana kwa nadra katika damu ya kidole. Vimejificha katika ule wavu wa Malpighi. Na ndiyo maana mtoto mwenye homa na degedege asicheleweshwe nyumbani hata saa moja.

Kuna pia selimundu. Mwenye ugonjwa huu alirithi kwa baba na kwa mama hemoglobini ya namna nyingine. Chembe zake zikitoa oksijeni hukakamaa na kupinda kama mundu wa kukatia majani. Chembe isiyokunjika haipiti njia nyembamba. Hukwama penye njia panda, zinazofuata zikakwama nyuma yake, na sehemu iliyokosa damu huuma vibaya sana. Maumivu hayo si uchawi wala laana. Ni mfereji ulioziba.

Na hapa Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1954 alitangaza kwamba mtu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Hivyo ikafahamika kwa nini hali hiyo ni ya kawaida katika nchi zenye malaria. Wazazi wawili wenye hali hiyo, kila wanapopata mtoto, pana nafasi moja katika nne kwamba atakuwa mgonjwa. Kwa hiyo ni busara vijana wajipime damu kabla ya kuoana. Siku hizi wataalamu hutengeneza mifereji myembamba ndani ya vipande vya plastiki, yenye matawi kama ya kapilari, wakapitisha humo damu ya wagonjwa na kuona chembe zinakwama wapi na dawa ipi inazifungua. Hiyo ni kazi ile ile ya mwaka 1661, ila chura amepumzishwa.

Basi Malpighi alishinda, ingawa hakuishi kuuona ushindi wake. Nasi wanafunzi twaweza kuchukua mambo matatu katika maisha yake. Alifiwa akakatizwa masomo, lakini alirudi. Aliheshimu vitabu, lakini hakuacha kutazama. Tena hakudharau kitu kwa sababu ni kidogo. Katika maabara yetu hadubini ni chache na wanafunzi ni wengi. Kila mmoja, zamu yake ikifika, asiiinamie kwa kutimiza wajibu tu. Atazame, aandike alichokiona, tena atazame mara ya pili, kama alivyofanya Malpighi kabla ya kuuona ule wavu.